Maji ya Kukandia

Mpaka leo nikimsikia mwanamke analalamika kwamba maji ya moto bafuni kwake yanatoka baridi, halafu mume wake anamjibu haraka haraka bila hata kunyanyuka kitini, hasira hunipanda upya. Wanangu hunicheka. "Mama, achana nayo, ni maji tu." Maji tu! Wao walikuwa Usoke kwa shangazi yao wakati ule. Hawakumwona bibi yao akivuka ua na sufuria inayotokota, anapapasa ngazi kwa kidole gumba cha mguu kwa sababu macho yameshamwacha. Mimi nilimwona kila asubuhi, nimelala na kichanga ubavuni, tumbo limefungwa kwa kanga. Kwa hiyo waniache nikasirike.

Nyumba ilikuwa ya serikali, hapo Tabora mjini, katika mtaa ambao kabla ya uhuru watu kama sisi tuliingia kwa mlango wa jikoni, tena kwa kuitwa. Wazungu walipoondoka, nyumba zikabaki, na mume wangu aliyekuwa karani akapewa moja. Nyuma ya nyumba, nje ya ukuta wa bafu, lilisimama tangi la chuma, refu kumpita mume wangu, limekalia jiko la matofali. Unachochea kuni chini, unasubiri, unafungua bomba bafuni, maji yanatoka ya moto mpaka unaruka. Tulikotoka sisi, maji ya moto yalikuwa jungu, mafiga na mgongo wa mwanamke. Siku ya kwanza nilifungua na kufunga lile bomba mpaka mume wangu akaniuliza kama nimerogwa.

Nilichofikiria pale pale ni mama yangu. Mama alikaa Goweko, shambani, na kila nilipojifungua alipanda treni akaja kunikanda. Anayejua kukandwa anajua. Mzazi anatolewa asubuhi, anakalishwa kwenye kigoda, anamwagiwa maji ya moto yenye majani, anakandamizwa tumbo na kiuno kwa kitambaa kilichochovywa kwenye maji hayo hayo, analia, anaambiwa anyamaze, halafu anafungwa. Kesho tena, na keshokutwa tena, mpaka arobaini itimie. Maji yenyewe lazima yawe mengi na yawe ya moto kweli, si ya kubembeleza. Na maji hayo kwa uzazi wangu wote aliyabeba mama yangu, kutoka mekoni mpaka chumbani, mvua inyeshe au jua liwake.

Basi nilipopata mimba ile ya mwisho nilimtumia salamu kwa mtu wa treni: mama, safari hii njoo na mikono yako tu. Maji yapo ukutani. Hutabeba hata kopo.

Nilimtumia salamu zile kwa sababu nyingine pia. Mama alikuwa ameota mtoto wa jicho, macho yote mawili. Mchana alitambua mtu kwa sauti na kwa mwendo, na kitu kilichokuwa chini, jiwe, kuku, ngazi, alikijua alipokwisha kujikwaa. Hakupenda tuliseme. Ukimwambia "mama, angalia hapo," anajibu, "Naangalia, kwani nimekufa?" Mtu kama huyo humpi sufuria ya maji yanayochemka. Hata mwehu anajua hilo.

Alifika wakati mimi nimeshalazwa. Alikuja moja kwa moja hospitali na kikapu chake cha majani, akakaa chini kando ya kitanda changu mpaka mtoto akatoka, na siku ya kuruhusiwa tukarudi nyumbani pamoja. Mume wangu alitupokea getini, amevaa suti yake ya kijani ya mikutano.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Hamjambo hapa?"

"Hatujambo. Mama, tazama mlingoti wetu!"

Mama alitazama kule ilikotoka sauti, akasema ni mzuri sana. Mimi nilitazama kweli. Lazima nieleze kwamba mume wangu alikuwa balozi wa nyumba kumi, na balozi lazima apeperushe bendera ya chama mbele ya nyumba yake. Mlingoti wetu wa zamani ulikuwa mti, na Tabora miti tunailisha mchwa. Ulikuwa umeliwa mpaka ukawa unainama, bendera inakaribia kusalimiana na kuku. Hilo lilimnyima usingizi, kwa sababu wageni wa chama walikuwa wanatarajiwa kupita mtaa kwa mtaa kukagua mashina, yaani zile nyumba kumi kumi za kila balozi. Sasa nikaona kisiki cha ule mti kimebaki cha kimo cha kifua, imara, na juu yake kimechomekwa chuma kirefu, kimesimama wima, bendera inapepea juu kuliko paa.

Nikamwuliza chuma amekipata wapi, maana miaka ile madukani hata sabuni ilikuwa ya foleni, seuze paipu. Akacheka, akasema mwanamume hashindwi. Nikamsifu. Naapa, nilimsifu mbele ya mama yangu, nikasema baba watoto hongera.

Asubuhi iliyofuata kuni zilikokwa kabla jua halijapanda. Mama aliingia bafuni na majani yake, akapangusa mikono, akaniambia nimwonyeshe hilo bomba la ajabu liko wapi. Nikauweka mkono wake juu ya bomba. Akafungua. Maji yakatoka ya moto, na mama akatabasamu, uso wote ukafunguka. "Mayu," aliniita hivyo, kwa Kinyamwezi chetu, kama wazazi wanavyomwita binti yao mama, "kumbe mnaishi hivi?" Kata moja, ile ya kuchotea, ikajaa. Alipoweka kata ya pili, maji yakawa vuguvugu. Ya tatu ikawa baridi, baridi ya bombani kabisa, kana kwamba huko nje hakuna hata kijinga cha moto.

"Yameona aibu," mama alisema. "Wageni wengi." Tukacheka. Tukafunga, tukangoja, tukafungua tena. Kata moja ya moto, halafu baridi.

Mume wangu alikuwa anakunywa chai. Akasema, "Kuni mbichi."

Sawa. Kuni zilikuwa za mwembe, na mwembe unajulikana, moshi mwingi kuliko moto. Nikamtuma jirani yangu aninunulie mzigo wa mtundu, kuni ngumu za miyombo, zile zinazochomwa na wakulima wa tumbaku. Jirani huyu alikuwa mwanamke wa Kiislamu wa mji wa zamani, mumewe fundi baiskeli, na ndiye shoga yangu pekee katika mtaa ule wa watu wa ofisini. Mtundu ukawaka mpaka matofali yakawa mekundu. Ukitega sikio karibu na tangi unasikia maji yanaunguruma. Mama akafungua bomba, akapata kata yake moja ya moto, akatabasamu kama jana, halafu yakaja ya baridi.

"Majivu," mume wangu akasema. "Jiko limejaa majivu, hewa haipiti." Shoga yangu akayatoa majivu yote kwa koleo, akatoka kama mzimu. Kata moja, baridi.

"Basi ni chokaa. Maji ya hapa yana chokaa, imeganda ndani." Hilo nilitaka kuliamini, maana maji ya Tabora ukiyachemsha kwenye birika yanaacha gamba jeupe mpaka unalikwangua kwa kijiko. Lakini nikamwuliza, chokaa iliganda lini? Nilipoondoka kwenda hospitali maji yalikuwa yanaunguza. Chokaa gani hiyo inayoganda wakati mimi nasukuma mtoto? Akageuza gazeti.

Na kumbuka, kila siku tulipokuwa tunajaribu, mimi nilitakiwa kukandwa. Mzazi hangoji tangi lipone. Kwa hiyo mama alirudi kwenye kazi yake ya siku zote. Akakoka moto kwenye mafiga nje, upande wa pili wa ua lilipokuwa jiko, akateleka sufuria kubwa, ikichemka anaiinua kwa matambara mawili, anavuka ua, anapapasa ngazi kwa kidole gumba, anapanda, anaingia. Nilikuwa namtazama dirishani. Kila siku nilihesabu hatua zake mpaka aifikishe. Nilijaribu kutoka nikampokee akanifokea, "Mzazi gani anatoka nje na tumbo wazi? Unataka nikuzike?" Nikarudi ndani.

Nikamwambia mume wangu, tena kwa adabu, maana mama alikuwa chumba cha pili, "Baba watoto, mama haoni. Mbebee ile sufuria kabla hujaenda kazini. Ni kuvuka ua tu."

Unajua alinijibu nini? "Mimi balozi, nibebe maji ya mzazi, watu wananiona?"

"Basi mwite fundi wa serikali atazame tangi."

Hapo akanyanyuka. Akasema tangi ni mali ya umma, haliguswi ovyo, lazima maombi yapite ofisini, na ofisini kwa sasa kila mtu anashughulikia wageni, nisimtie aibu. Halafu akashusha sauti akaongeza neno ambalo sijamsamehe. "Na pengine tangi halina tatizo. Mama amezoea jungu. Hajui kulitumia, anafungua ovyo ovyo, joto lote linakimbia."

Mama yangu! Mwanamke aliyelima tumbaku na karanga, akakausha, akauza, akanisomesha mimi mpaka nikawa mwalimu, ashindwe kufungua bomba! Jibu nililiweka, kwa sababu ukuta ulikuwa mwembamba na mama angesikia. Kesho yake nikamwona anafungua bomba taratibu, kidogo kidogo, kama anamwamsha mtoto. Alikuwa amesikia. Akapata kata yake moja. Akaniambia, "Labda leo nimekosea tena, mayu." Nikageuzia uso ukutani nikalia, naye akadhani ni maumivu ya tumbo.

Siku jambo lenyewe lilipotokea, mume wangu alikuwa ameondoka mapema kwenda kufanya maandalizi, maana wageni walikuwa wanakuja kesho yake. Mama alikuwa anavuka ua. Kulikuwa na ufagio umeanguka kwenye ngazi. Nani aliuacha, sijui, na hata nikijua itanisaidia nini? Niliuona. Niliuona kutoka dirishani, nikapiga kelele "Mama, mguuni!" na yeye kusikia sauti yangu akasimama ghafla, akaugeuza uso kunitafuta, ndipo akaukanyaga ufagio. Sufuria ikaanguka mbele yake, maji yote yakaenda kwenye mguu wa kulia, kuanzia goti kushuka.

Hakupiga kelele. Alikaa chini pale pale kwenye ngazi, akasema, "Mtoto wako amelala?" Hilo ndilo aliloniuliza. Mguu unatoa mvuke, anauliza kama mtoto amelala.

Shoga yangu alikuja anakimbia bila viatu, nyuma yake mumewe. "Ya Rabi, mama, ya Rabi!" Tulimmwagia maji ya baridi, ya lile lile bomba la bafuni, kata ya kwanza ya moto tukaimwaga, maana ndilo lililokuwa karibu, na siku hiyo lilifanya kazi yake vizuri sana. Ngozi ilikuwa imeanza kubambuka. Fundi baiskeli akamkalisha kwenye keria, akamfunga kwa kanga asidondoke, akamkokota mpaka hospitali.

Nilibaki na shoga yangu pale uani. Nikamwambia, "Nipe spana za mumeo."

"Za nini?"

"Nipe. Na ngazi ya kupandia."

"Shoga, wewe mzazi! Tumbo bichi, utaanguka!"

"Nikianguka utanizika. Mshike mtoto."

Alizileta. Nikamwambia afungue bomba la bafuni aliache litiririke, mimi nikapanda. Sikuwa fundi, sikujua chochote, ila nilikuwa na mikono. Nikashika tangi kwa chini, karibu na moto, likaniunguza. Nikashika katikati, moto. Nikashika juu kabisa, karibu na yanapotokea maji kwenda bafuni, nikakuta baridi. Hivi inawezekanaje? Maji ya baridi kutoka mjini yaliingilia juu. Maji ya moto kwenda bafuni yalitokea juu hapo hapo, pembeni yake. Kama ya baridi yanaingia juu na kutoka juu, basi yanapitiliza tu, yanaingia mlango huu na kutokea ule, na yale ya moto yamekaa chini yanaunguruma bila mtu wa kuyatoa. Lazima kulikuwa na kitu cha kuyapeleka ya baridi chini kwanza.

Nikaitazama nati ya pale yanapoingilia maji ya mjini. Tangi zima lilikuwa na rangi ya zamani, nyekundu iliyofifia, imepakwa hadi juu ya nati zote. Nati hiyo moja rangi ilikuwa imebanduka, chuma kinang'aa. Kuna mtu alikuwa ameifungua karibuni. Nikafunga maji, nikaifungua na mimi. Kilichotoka ni kipande kifupi kama kidole, kina meno ya kufungia paipu kwa ndani, na hakuna paipu. Nikachomeka kijiti, kikazama bila kugusa kitu.

Sasa hapo juu, ukisimama kwenye ngazi, paa la nyumba yetu liko chini ya kidevu chako. Nikainua macho. Mbele yangu, upande wa pili wa paa, bendera inapepea. Na chuma kilichoibeba, ambacho kutoka chini tulikiona kikipiga jua tukasema mlingoti mzuri, kilikuwa kimeshikwa na gamba jeupe kuanzia juu mpaka kinapopotea nyuma ya paa. Gamba la chokaa. Lile lile la kwenye birika.

Ebo! Mlingoti wa bendera wenye chokaa!

Sikumbuki nilivyoshuka. Shoga yangu ananiita, mtoto analia, mimi nimeshafika mbele ya nyumba, nimekikumbatia kile chuma, nakizungusha, nakivuta. Kikachomoka. "Bendera, shoga! Bendera, watakufunga!" alikuwa anapiga kelele huku ameziba mdomo kwa kanga. Bendera sikuitupa. Sikuwa na ugomvi na bendera, wala na chama. Niliifungua vizuri, nikaikunja pembe kwa pembe, nikaiweka mezani, mbele ya kiti anachokalia mwenyewe. Halafu nikachukua kile kipande chenye meno, nikajaribu kukifunga kwenye paipu. Kikaingia kama kilichozaliwa nayo.

Alirudi jioni, jua halijazama, ameshapata habari mtaani kwamba mlingoti hauna bendera. Habari ya mama hakuipata, kwa sababu watu walikimbilia kumpa ile ya bendera kwanza.

"Nani ameshusha bendera?"

"Mimi."

"Umechanganyikiwa? Kesho wageni! Unajua wanaweza kunifanya nini?"

"Mama yuko hospitali. Amelazwa. Maji ya moto yamemuunguza mguu mzima."

Akaketi. Nikaiweka ile paipu juu ya meza, mbele yake, na kile kipande kimefungwa mwisho wake. Niliuona uso wake unavyonywea.

"Nilidhani haina kazi," akasema. "Iko ndani ya tangi, haionekani, haina bomba, haimwagi maji popote. Nilidhani Wazungu waliiweka tu."

"Haya. Hukujua. Nimekubali hukujua. Na ulipoona maji yanatoka baridi?"

Akaivuta kwake ile bendera iliyokunjwa.

"Nakuuliza. Ulipoona maji ni baridi ulifikiri nini?"

"Nilihisi," akasema, anaongea na meza. "Siku ile ya kwanza nilihisi. Lakini nikasema wageni wapite kwanza, halafu nitairudisha taratibu bila mtu kujua. Ilikuwa ni siku chache tu, mama watoto."

Alihisi siku ya kwanza! Kuni mbichi, alihisi. Majivu, alihisi. Chokaa, alihisi. Mama amezoea jungu, hajui kutumia, na alipokuwa anayasema hayo paipu yetu ilikuwa juu ya kichwa chake inapeperusha kitambaa. Nilimwambia maneno siku hiyo ambayo hata leo siyaandiki. Nilimwita jina ambalo mke hamwiti mume. Mtaa mzima ulisikia na sikujali, na kama wale wageni wangekuwa wamefika siku hiyo wangesikia nao, wangekagua shina vizuri.

Paipu niliirudisha mwenyewe, asubuhi, shoga yangu ameshika ngazi huku anasoma dua. Yeye mume wangu alikata mwanzi kwa watu huko, akauchomeka kwenye kisiki, akafunga bendera yake, akavaa suti ya kijani, akasimama getini. Alisimama mpaka saa za alasiri. Gari la wageni lilipita barabara kuu, likaacha vumbi, halikukata hata kona ya kuja mtaani kwetu. Akaingia ndani, akavua koti.

Nilifika hospitali mzazi au si mzazi, nimejifunika kanga mpaka machoni. Mama alikuwa amefungwa mguu mpaka juu. Nikamweleza yote, nilikuwa siwezi kukaa nayo. Nilitaka akasirike. Nilitaka tukasirike wawili, mimi peke yangu nilikuwa nachoka.

Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Usingeniambia."

"Kwa nini nisikwambie?"

"Sasa nimejua. Na mkwe wangu akijua kwamba nimejua, atanipa shikamoo kwa uso gani? Na mimi nitaipokeaje? Siwezi kurudi kulala nyumba ile, mayu. Nitampa aibu kila akiniona nachechemea."

Ndiyo heshima yetu hiyo. Mkwe na mama mkwe hawaonyeshani uchi wa aina yoyote, na kosa likishafunuka baina yao, mkubwa ndiye anaondoka ili mdogo apate pa kuficha uso. Nikamwambia heshima gani hiyo, yeye ndiye ameungua! Nikamwambia aondoke yeye, si wewe! Akanipapasa mkono tu. Niliikasirikia heshima ile siku hiyo na bado naikasirikia. Kaka yangu alikuja kumchukua hapo hapo hospitali, wakaenda stesheni, akapanda treni ya Goweko akiwa amebebwa. Arobaini yangu ilikuwa haijafika hata nusu. Kikapu chake cha majani kilibaki bafuni kwangu, na majani yakanyauka humo humo.

Siku aliyoondoka tangi lilikokwa. Nilikaa kitandani nikasikia mtu amefungua bomba bafuni, maji yanatiririka, yanatiririka, hayakomi, na mvuke ukaanza kupita chini ya mlango. Akatoka mume wangu, taulo kiunoni, mabega yanafuka. "Umeona?" akasema, amefurahi kweli, Mungu shahidi yangu, amefurahi. "Yamepona. Ya moto mpaka mwisho."

Kitoto kile kilikuwa cha mwisho, sikuzaa tena, kwa hiyo mama hakuwa na sababu ya kuja. Mguu ulipona vibaya, ukakunjamana, akawa anautembelea kwa fimbo, na macho nayo yakamalizika. Mimi ndiye niliyekuwa naenda Goweko. Majirani zake waliponiuliza maisha ya mjini, yeye alinitangulia kujibu, akawaambia binti yake anakaa nyumba yenye maji ya moto ukutani, unafungua tu. Alilisema kwa fahari, na mimi nilikaa pale nikiitazama fimbo yake. Maana alichokipata mama yangu kwenye nyumba hiyo ni kata moja ya maji ya moto kila asubuhi, na sufuria nzima mguuni.